Hoja Yako Iingie Kwenye Muhtasari: Namna ya Kufuatilia Halmashauri ya Mji Mdogo

Mtu akiniuliza kwa nini mtaro wa mtaani kwao haujengwi wakati wameulalamikia miaka nenda rudi, swali langu kwake ni moja: lalamiko hilo limeandikwa wapi? Mara nyingi hajui. Wamelisema msibani, wamelisema sokoni, wamemwambia mgombea wakati wa kampeni na watu wakapiga makofi. Ukifungua faili la mtaa, hulikuti. Serikali za mitaa zinaendeshwa kwa karatasi, na jambo lisilokuwemo kwenye muhtasari wa kikao, kwa halmashauri ni kama halijatokea, hata kama kila asubuhi watoto wanavua viatu ili wavuke maji kwenda shule.

Mimi ni fundi cherehani katika mji mdogo wa ngazi ya halmashauri ya mji, ngazi moja na Korogwe, Babati au Makambako. Nimekaa kwenye mikutano ya mtaa kwa miaka mingi, nimekuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi kwenye ujenzi wa madarasa, na sasa ndiye ninayewaandikia majirani habari za halmashauri kwenye kundi letu la WhatsApp. Ninayoyaeleza hapa ni ya mijini, Tanzania Bara. Kijijini ngazi zinatofautiana kidogo, lakini kalamu inafanya kazi ileile.

Jua kwanza kitu ni cha nani

Barabara za mitaa pamoja na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ni ya mamlaka ya maji ya mji wenu, umeme ni TANESCO. Halmashauri yenyewe inashughulika na masoko, stendi, taka, machinjio, makaburi, shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, leseni za biashara na mipango miji. Hoja ya barabara bado unaipeleka mtaani na kwenye kata, kwa sababu meneja wa TARURA huhudhuria baraza la madiwani na kuulizwa. Ila hoja itaje ofisi inayohusika, la sivyo itazungushwa miezi.

Mkutano wa mtaa ndio mlango

Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenyekiti wa mtaa ni wa kuchaguliwa. Waliopo sasa waliingia kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 na muda wao ni miaka mitano. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, na kwenye kikao yeye ndiye katibu. Watu wengi wanahangaika na mwenyekiti tu, wakati anayeshika kalamu ni mtendaji. Fahamiana naye. Msalimie, muulize kazi inaendaje, mjue kwa jina. Wengi wao wanafanya kazi nyingi kwenye chumba kimoja chenye meza moja, na mkazi anayekuja na jambo lililopangika anawarahisishia.

Ajenda za mkutano huwa na mpangilio unaojulikana: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, ajenda za siku hiyo, mengineyo, kufunga. Usiiache hoja yako iangukie kwenye mengineyo. Kufikia hapo jua limeshazama, akina mama wameondoka kuwahi kupika, na mwenyekiti anatazama saa. Hoja inayosemwa wakati watu wamesimama huandikwa kwa nusu mstari, au haiandikwi kabisa. Nenda kwa mtendaji siku kadhaa kabla, umwambie: "Ndugu mtendaji, tunaomba suala hili liwe ajenda inayojitegemea." Mpelekee limeandikwa kwenye karatasi.

Na namna ulivyoandika ina uzito kuliko ukali wa sauti yako. Tazama hoja hii: "Barabara yetu ni mbovu sana, tunaomba serikali ituangalie." Katibu ataandika "wananchi walilalamikia ubovu wa barabara", na hapo imekwisha, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuulizwa chochote. Sasa tazama hii: "Kalavati lililo mbele ya lango la shule ya msingi limeziba, na ukingo wake wa kushoto umebomoka kwa urefu wa hatua nane. Mvua ikinyesha maji yanapita juu ya barabara na wanafunzi wanavuka humo. Mkutano unaomba TARURA waje kupima kabla ya mvua za vuli, na mtendaji alete majibu kwenye mkutano ujao." Hapa kuna mahali, kuna kipimo, kuna madhara, kuna ofisi, kuna muda, na kuna mtu wa kuleta majibu. Mtu wa juu akiusoma muhtasari huo akiwa hajawahi kufika mtaani kwenu, anaelewa.

Zungumza na majirani wawili watatu mapema ili ukishaitoa hoja wasimame kuiunga mkono, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Kwenye mikutano yetu akina mama hukaa nyuma na kuongea chini kwa chini, ilhali habari za maji, zahanati na taka wanazijua kuliko wote waliokaa mbele. Nimeona mkutano mzima ukigeuka baada ya mama mmoja muuza mboga kueleza dampo lisilozolewa linavyofukuza wateja wake. Kama muda wa mkutano unagongana na saa za soko, ombeni ubadilishwe, na ombi hilo nalo liandikwe.

Baada ya kupitishwa, fanya jambo moja dogo ambalo wengi hawalifanyi. Nyoosha mkono useme: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba azimio lisomwe kama lilivyoandikwa." Katibu atalisoma mbele ya watu. Kama limepunguzwa, mtalirekebisha hapohapo. Hakikisha pia umeandika jina lako kwenye mahudhurio, maana akidi isipotimia kikao kizima kinaweza kukataliwa baadaye. Kisha mkutano unaofuata wahi. Ufike kabla ya yatokanayo, kwa sababu hapo ndipo mtendaji anapaswa kusema alipeleka wapi na alijibiwa nini. Asipokuwa na majibu, liandikwe kwamba hakuna majibu. Mstari huo una nguvu. Azimio likijirudia kwenye yatokanayo, kikao baada ya kikao, linamlazimisha mtu kwenda kuuliza.

Kutoka mtaa kwenda kata, kutoka kata kwenda baraza

Juu ya mtaa kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo watu wengi wanaiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Kwa hiyo mwenyekiti wenu ndiye anayebeba hoja yenu kuingia pale. Mpe karatasi ya ukurasa mmoja aende nayo. Mwenyekiti mwenye karatasi mkononi husoma. Asiye nayo hujieleza kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mzee mwenye mambo ya mtaa mzima kichwani hupoteza vipimo na tarehe.

Mtendaji wa kata ndiye anayeandaa taarifa ya kata ya kila robo mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, hivyo robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba, na baraza la robo hiyo hukaa baada ya hapo. Kwenye baraza la kawaida, taarifa za kata huwa na siku yake ambapo kila diwani anasimama kueleza ya kwake, na siku nyingine ni ya taarifa za kamati za kudumu: fedha, huduma za jamii, mipango miji na mazingira. Hoja ambayo haikuingia kwenye taarifa ya kata, diwani anaweza kuisema kwa mdomo, lakini wakuu wa idara hawakuandaa majibu yake.

Kalenda ya bajeti nayo ni ya kuzingatiwa kuliko kitu kingine. Halmashauri hupitisha makisio yao mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari, ndipo yaende ngazi za juu hadi bungeni Dodoma. Hoja yenye kuhitaji fedha ikifika Aprili imekuta mlango umefungwa. Itasubiri mwaka mwingine. Miezi ya kusukuma ni Agosti hadi Novemba, wakati mitaa na kata zinaibua vipaumbele. Nimewaambia majirani mara nyingi: msisubiri masika ndipo mzungumzie mafuriko.

Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Huna nafasi ya kuchangia, lakini unaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Tarehe uliza kwa diwani, kwa mtendaji wa kata, au tazama ubao wa matangazo wa halmashauri. Vaa kwa heshima, zima mlio wa simu, beba daftari na kalamu mbili. Utakuta madiwani wana makabrasha mazito. Ndani yake ndimo zilimo taarifa zote zinazotajwa harakaharaka kwa namba ya ukurasa. Mwombe diwani wako, baada ya kikao, akuonyeshe kurasa zinazohusu kata yenu. Wengi hawakatai wakiona una daftari na umeuliza kwa adabu.

Kutenga, kupokea, kutumia

Hapa ndipo naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo wananchi wengi wanapopotea. Kwenye taarifa ya fedha kuna safu tatu tofauti: fedha iliyotengwa, fedha iliyopokelewa, na fedha iliyotumika. Kiongozi akisema jukwaani "tumetenga shilingi milioni 60 kwa zahanati yenu", hajasema kwamba fedha ipo. Amesema imeandikwa kwenye mpango. Inaweza kufika yote, ikafika nusu, au mwaka ukaisha haijaja.

Chukua mfano. Zahanati imetengewa milioni 60. Hadi mwisho wa robo ya tatu zimepokelewa milioni 22, na milioni 22 zimetumika. Kwenye taarifa unaweza kukuta imeandikwa "utekelezaji asilimia 100". Hesabu hiyo si ya uongo. Imepigwa kwa kulinganisha kilichotumika na kilichopokelewa. Ukilinganisha na kilichotengwa, ni chini kidogo ya asilimia 37. Kwa hiyo kila unaposikia asilimia, uliza: ya nini? Kisha uliza bakaa, yaani fedha iliyobaki, iko wapi, na kama fedha ambayo haijaja ni ya serikali kuu au ya mapato ya ndani. Ikiwa ni ya mapato ya ndani, basi jibu lipo hapohapo mjini kwenu: kwenye ushuru wa soko, stendi na leseni, na kwenye namna unavyokusanywa.

Kwenye mapato hayohayo ya ndani kuna asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulizeni kwenye mkutano vikundi gani vya kata yenu vimepata na marejesho yanakwendaje. Hili halihitaji maneno mengi, linahitaji orodha ibandikwe ukutani.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ni rafiki mwingine. Hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha hupelekwa bungeni, na ndani yake kuna ripoti ya serikali za mitaa peke yake. Tafuta jina la halmashauri yenu. Kupata hati inayoridhisha ni vizuri, lakini usiishie hapo, kwa sababu hati hiyo inahusu namna hesabu zilivyoandaliwa. Halmashauri inaweza kuipata na bado ikawa na hoja za ukaguzi zisizofungwa, yaani maswali ya mkaguzi ambayo hayajapata majibu ya kuridhisha. Hoja hizo hujadiliwa kwenye baraza maalumu, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka wa fedha. Kama una nafasi ya kuhudhuria kikao kimoja tu kwa mwaka, nenda hicho.

Ukinyimwa taarifa

Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua iende kwa Mkurugenzi, maana yeye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri. Omba kitu kimoja kinachoshikika, kwa mfano: "nakala ya mchanganuo wa gharama za ujenzi wa choo cha shule fulani, mwaka wa fedha fulani". Ukiomba "taarifa zote za miradi" unawapa sababu ya kuchelewa.

Andika nakala mbili. Zote zipeleke masjala, moja waibakize, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri huo. Bila tarehe hakuna siku ya kuanzia kuhesabu.

Kwenye eneo la ujenzi

Miradi mingi ya madarasa, vyoo na zahanati hujengwa kwa mtindo ambao watu wanauita force akaunti: mafundi wa hapahapa, na kamati zenye wananchi ndani yake, za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Wakiomba wajumbe kwenye mkutano, usijifiche. Kamati ya mapokezi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ndiyo inayosimama mlangoni.

Kazi yake si kusaini tu. Lori la mchanga likifika, pima kabla halijamwaga. Shika futi kamba, pima bodi kwa ndani: tuseme urefu mita 3.5, upana mita 2, na mchanga umefika kimo cha sentimita 70. Zidisha, unapata mita za ujazo 4.9. Kama hati ya kupokelea inasema 7, usisaini 7, andika 4.9, na dereva asaini pembeni. Saruji hesabu mifuko mmoja mmoja, kila mfuko kilo 50, na uibonyeze kwa kidole. Iliyoshika mabonge magumu irudi. Nondo pima unene. Ya milimita 10 na ya milimita 12 kwa macho zinafanana zikiwa zimerundikwa, lakini kwenye nguzo hazifanani. Zege likishamwagwa linywe maji angalau siku saba mfululizo. Ukipita siku ya tatu ukakuta limekauka jeupe, mwambie msimamizi leo, usingoje kikao. Kisha andika kwenye daftari la kamati tarehe, ulichokuta na uliyemwambia.

Kama mradi una mkandarasi, soma bango lake: jina la mradi, chanzo cha fedha, gharama, tarehe ya kuanza na kumaliza. Lipige picha siku ya kwanza, kwa sababu tarehe za kwenye bango hufutika na jua na mabango hung'olewa. Ukikuta dalili za rushwa, peleka TAKUKURU, simu 113 haina malipo, na upeleke ushahidi wa maandishi pamoja na maelezo ya mdomo.

Kuwaandikia majirani

Habari ya halmashauri iliyoandikwa vizuri inaokoa mtaa mzima kubishana. Mimi hufuata utaratibu huu: naanza na jambo lililoamuliwa, nataja kikao na tarehe yake, naweka tarakimu pamoja na mwaka wa fedha, kisha nasema mkazi anaweza kufanya nini na lini. Aya mbili zinatosha. Majirani wanasoma wakiwa kwenye bodaboda au wakisubiri zamu ya bomba.

Tenganisha ulichokiona, ulichokisoma na ulichoambiwa. "Nimesoma kwenye taarifa ya robo ya pili" si sawa na "inasemekana". Ya inasemekana mimi siandiki, na nawasihi wenzangu wasiandike. Zaidi ya kumwonea mtu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu yeyote anayesambaza taarifa za uongo kwa makusudi, na kundi la mtaa limo humo. Kabla ya kutuma jambo linalomgusa mtendaji au diwani, mpigie umuulize. Akieleza, weka maelezo yake. Asipopokea, andika kwamba umemtafuta. Nimepata majibu mengi ya kweli kwa simu ya aina hiyo kuliko kwa malalamiko.

Na mradi ukikamilika vizuri, andika pia. Taja ofisi iliyofanya, taja mafundi. Mtendaji anayesoma habari njema kuhusu kazi yake atakupokea vizuri siku unayokwenda na swali gumu, na majirani nao wataona kwamba kukaa kikaoni kulizaa kitu.

Ila usilifunge daftari siku ya uzinduzi. Kazi za mkandarasi huwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo sehemu ya malipo yake inazuiliwa na kasoro zikijitokeza anazirekebisha kwa gharama yake. Muulize mhandisi kipindi hicho kinaisha tarehe gani na uiandike. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka na mwavuli ukatazame mtaro unapeleka maji wapi, piga picha palipobomoka au panapotuama, na upeleke barua masjala, nakala mbili, kabla tarehe hiyo haijapita.